Zumaridi au Tsavoriti? Kulipima Jiwe la Kijani Kabla Hujatoa Pesa Mji Mkongwe

Shangazi yangu wa Wete alikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la kijani, akiivaa Idi na siku za arusi tu. Aliinunua Unguja mwaka mmoja ambao mikarafuu yake ilizaa sana, na mpaka anafariki aliamini kuwa kajivika zumaridi. Pete ikarithiwa ikarithiwa hadi ikanifikia mimi, ambaye kazi yangu ni kutia mawe kwenye fedha. Nikaiweka chini ya lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia cha mafundi. Hazikupita sekunde kumi nikakiona kipovu cha hewa kimetulia ndani, mviringo kamili, kama vile vya soda. Kioo. Pesa za karafuu za msimu mzima zilikwenda kwa ndugu wa chupa.

Tangu hapo anayenijia na jiwe la kijani namkalisha barazani nampitisha njia hii ninayoieleza hapa. Si njia ya maabara. Vifaa vyake ni lupu ya kukuza mara kumi, miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao, mizani ndogo ya vito, uzi na maji ya kunywa. Mfano wangu mkubwa utakuwa tsavoriti, kwa sababu ndilo jiwe la kijani la huku kwetu Afrika Mashariki linalouzwa kwa bei ya haki na kughushiwa kwa bei hiyohiyo.

Jiwe hili si mwenyeji wa visiwani

Anza na jambo ambalo halihitaji kifaa chochote. Unguja na Pemba juu ni matumbawe, chokaa, mchanga na udongo. Kuta za Mji Mkongwe zenyewe ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tsavoriti haizaliwi humo. Inazaliwa ndani ya miamba geuzi, yaani miamba ya zamani iliyozikwa chini sana ikapikwa kwa joto na kukandamizwa mpaka madini yake yakajipanga upya. Mkanda mrefu wa miamba ya namna hiyo, unaoitwa Mkanda wa Msumbiji, unapita Tanzania bara na Kenya, na humo ndimo wachimbaji wanamoifuata: Mererani na Lemshuko huko Simanjiro, Ruangwa mkoani Lindi, na Taita-Taveta upande wa Kenya.

Kwa hiyo papasi akikufuata ufukweni Nungwi na jiwe la kijani akakwambia limechimbwa Pemba, amekurahisishia kazi. Mshukuru uendelee na matembezi. Niliwahi kuambiwa hadithi hiyo na kijana ambaye hakujua kama mimi ni Mpemba.

Tsavoriti ni ganeti. Wengi wakisikia ganeti hufikiria nyekundu iliyoiva, lakini ganeti ni ukoo mkubwa, na hii ya kijani imejengwa kwa kalsiamu, alumini na silika. Peke yake ingekuwa haina rangi. Kijani kinaletwa na vanadiamu kidogo, pengine na kromiamu. Mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, aliikuta Simanjiro mwaka 1967, mwaka uleule ambao tanzanaiti ilianza kujulikana. Baadaye akahamia Kenya, akaipata tena karibu na Tsavo, na kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ilipoanza kuitangaza mwaka 1974 ikaitwa kwa jina la Tsavo. Ndiyo maana jiwe lililoonekana kwanza Tanzania lina jina la mbuga ya Kenya. Madalali wa Arusha wengi hawajishughulishi na jina hilo, wao husema grini ganeti, na mtu akikutajia hivyo jua mnazungumzia kitu kimoja.

Jina zumaridi ni mtego

Wazee wetu walikuwa na majina ya vito kabla ya maabara: almasi, yakuti, feruzi, akiki, lulu, marijani. Kwa jiwe la chanikiwiti walikuwa na zumaridi, basi. Neno lilikuwa la rangi kuliko la madini, na mpaka leo dukani linatumika hivyo. Muuzaji anaweza kukwambia zumaridi bila nia ya kudanganya.

Ila wewe unayetoa pesa uliza upya. Zumaridi ya kweli ni berili, madini mengine kabisa, ambayo Tanzania pia inayo, upande wa Manyara na wa Sumbawanga. Tsavoriti ni ganeti. Hakuna jiwe moja lililo vyote viwili. Swali langu la kwanza dukani huwa fupi: "Samahani kaka, hii ni berili, ganeti au tomalini?" Anayejua atajibu papo hapo. Asiyejua atasema ni "original". Mtu wa pili si lazima awe mwizi, lakini kuanzia hapo mzigo wa kupima ni wako.

Usikubali pia maonesho ya kukwaruza. Wako wanaochukua jiwe na kuchora mstari kwenye kioo cha kabati, halafu wakakutazama kama waliokwisha shinda kesi. Tsavoriti ina ugumu wa 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, na ndiyo, inakwaruza kioo. Lakini tomalini nayo inakwaruza, berili inakwaruza, hata kwazi nyeupe ya bei ya mkate inakwaruza. Hata vito vya kiwandani vingi ni vigumu kuliko kioo. Ulichothibitisha ni kwamba si kioo laini, na umeiumiza pembe ya jiwe ambalo huenda ni la mtu.

Hatua ya kwanza: litoe nje

Duka zuri la vito lina taa kali juu ya kabati, na taa hizo zimechaguliwa. Omba ruhusa ulitazame barazani, kwenye kivuli, saa nne ya asubuhi au saa kumi ya jioni. Si kwenye jua la utosi, kwani jua la utosi hata kipande cha chupa kitakumetea.

Lishike kwa kibano, si kwa vidole, maana mafuta ya vidole yanaliua. Ligeuze pole pole ulitazame kwa juu, kisha kwa ubavu, kisha kwa ubavu wa pili. Tsavoriti haibadilishi rangi kwa kugeuzwa, kijani ni kilekile kila upande. Tomalini ya kijani ina tabia tofauti: upande mmoja inapendeza, ukiigeuza inaingia giza au inaelekea kwenye rangi ya mzeituni. Tanzanaiti na ndugu yake wa kijani, zoisaiti, nazo hucheza na rangi. Ukiona rangi mbili ndani ya jiwe moja, ganeti imeshatoka kwenye mashindano.

Hapo niongeze jambo dogo. Yale mawe mazito ya kijani yenye madoa meusi na mabaka mekundu, yanayochongwa vikombe na sanamu za tembo, ni zoisaiti ya kijani yenye yakuti ndani, kutoka Longido. Ni mwamba geuzi mzuri sana na ni halali yake kuuzwa, ila haupitishi mwanga na hausomeki kwa hatua zinazofuata. Na ile shanga ya kijani yenye mistari kama kuni iliyopasuliwa ni malakaiti, mara nyingi ya Kongo. Hiyo si silika, ni madini ya shaba, laini, na siki tu inaiharibu.

Hatua ya pili: lupu

Futa jiwe kwa kitambaa laini. Leta lupu karibu na jicho mpaka ikaribie kugusa nyusi, kisha leta jiwe kwenye lupu. Wanaoanza hufanya kinyume, wanashika lupu mbali kama wanaosoma gazeti, hawaoni kitu.

Unachotafuta kwanza ni vipovu. Kipovu cha mviringo kamili, chenye ukingo mweusi na nukta ya mwanga katikati, ni dalili ya kioo au ya jiwe la kiwandani. Tafuta pia mawimbi, kama sukari inayoyeyuka kwenye sharubati. Kisha tazama kingo za mikato. Jiwe gumu lina kingo zilizonyooka kama karatasi iliyokunjwa kwa kucha, na kioo kilichovaliwa kingo zake zimelegea, zimekuwa butu.

Tsavoriti ya asili nayo ina uchafu wake, na uchafu huo ni rafiki yako. Kuna vijisindano, kuna utando wa vitone vidogo vilivyojipanga kama alama ya kidole, kuna vipande vyeusi vya grafaiti, kwa kuwa miamba inayoizaa mara nyingi ina grafaiti. Mteja mmoja alikataa jiwe zuri kwa sababu ya doa jeusi kama punje ya pilipili manga, akaenda kununua jingine safi kama maji kwa bei ileile. Sikumfuata kumuuliza. Jiwe kubwa la kijani lisilo na kasoro hata moja, kwa bei unayoimudu, ni la kuogopa kuliko lenye doa.

Hatua ya tatu: miwani

Hii ndiyo hatua inayowafurahisha watoto. Washa kompyuta, fungua ukurasa mweupe mtupu. Vaa miwani ya jua inayokata mng'ao, kisha inamisha kichwa kwa bega la kulia na la kushoto. Kama kioo cha kompyuta kinageuka cheusi kwenye pembe fulani, vifaa vyako viko tayari. Kama hakigeuki, miwani hiyo ni ya urembo tu, tafuta nyingine.

Sasa ishike miwani kwenye pembe ileile ya giza, mbele ya kioo, na jiwe likae katikati ya viwili hivyo. Lizungushe jiwe duara zima. Zumaridi, tomalini, peridoti na zoisaiti hupasua mwanga kuwa miali miwili, kwa hiyo zitawaka na kuzima mara nne katika duara moja, wazi kabisa. Ganeti haipasui mwanga. Itabaki giza, au itaonesha vivuli vya ajabu visivyo na mpango, kwa sababu ganeti nyingi zina mkazo ndani yake.

Rudia ukiwa umelilaza jiwe upande mwingine, na upande wa tatu. Hata jiwe linalopasua mwanga lina mwelekeo mmoja au miwili ambapo linajifanya kondoo, likabaki giza. Mara tatu zinatosha kulifumania.

Likiwaka na kuzima, kazi imekwisha: si tsavoriti, hata liwe na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Likibaki giza usishangilie bado. Kioo nacho hubaki giza, na vito kadhaa vya kiwandani vilevile.

Hatua ya nne: kulipima majini

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu namba haina ukoo na muuzaji. Unatafuta uzito wa jiwe ukilinganisha na maji ya ukubwa uleule. Ni kanuni ya Archimedes, ile mliyokariri skuli mkaiacha kwenye daftari.

Mizani ya jikoni haifai. Inayofaa ni ile ndogo ya mfukoni inayosoma mpaka 0.001 ya gramu. Ile inayosoma 0.01, ambayo watu wengi wanayo kwa ajili ya fedha na dhahabu, inafaa kwa mawe makubwa tu, na nitaonesha kwa nini.

Pima kwanza jiwe kavu. Tuseme umepata gramu 0.620. Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2, kwa hiyo hilo ni jiwe la karati 3.1. (Karati ya jiwe ni uzito. Karati ya dhahabu ni usafi wake. Watu wanazichanganya kila siku, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwasahihisha.)

Chukua chombo chepesi, ukijaze maji, ukiweke juu ya mizani, ubonyeze kitufe cha kurudisha sifuri. Mimi nilianza na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, nikaona ni cha kufaa kwa mtu wa Unguja. Mizani ikagoma, maana nyingi za aina hii hazibebi zaidi ya gramu 20 au 50. Sasa natumia kifuniko cha plastiki cha chupa ya dawa.

Funga jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni, kitanzi kimoja tu kiunoni. Weka bilauri mbili pande mbili za mizani, zisiiguse, ulaze kalamu juu yake kama daraja, na jiwe lining'inie kutoka kwenye kalamu mpaka lizame lote. Lisiguse chini wala ukingo. Usilishike kwa mkono, mkono wa binadamu unatetemeka hata wa fundi.

Soma mizani. Tuseme inaonesha 0.172. Hicho ndicho kipimo cha maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa: 0.620 kwa 0.172 ni 3.60. Tsavoriti iko hapo hapo, kwenye 3.6 na kidogo juu yake.

Sasa makosa, kwa sababu utayafanya. La kwanza ni vipovu vilivyonasa kwenye jiwe na uzi. Vinasukuma maji ya ziada na kuishusha namba yako. Chemsha maji uyaache yapoe, utie tone moja la sabuni ya vyombo, na likishazama ligonge jiwe kwa ncha ya sindano. La pili ni jiwe kugusa chini: namba ya maji itaruka, na hesabu yako itashuka mpaka karibu na 1, ukadhani umenunua mbao. La tatu ni upepo. Zima pangaboi, funga dirisha la upande wa kusi. Mizani ya namna hii inasikia hata pumzi yako.

La nne ni la kwetu sisi watu wa visiwani. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Ukipima kwa maji ya bahari yenyewe, tsavoriti ya 3.61 itasomeka 3.52 hivi, na utamtukana mtu asiye na kosa. Tumia maji ya mvua au ya chupa.

Pima mara tatu, kila mara ukilitoa jiwe na kulikausha. Namba zikipishana sana, tatizo ni wewe, si jiwe.

Na ile mizani ya 0.01? Kwa jiwe letu la gramu 0.62 ingesoma maji 0.17, ikikosea kidogo 0.16 au 0.18. Hesabu inatoka 3.44 mpaka 3.88. Katikati ya namba hizo wanakaa mawe kadhaa. Hata mizani nzuri ina mwisho wake: jiwe la nusu karati linasukuma maji ya gramu 0.028 tu, na kukosea 0.001 kunakupeleka popote kati ya 3.45 na 3.70. Chini ya nusu karati mimi sipimi majini, naishia kwenye lupu na miwani.

Kuzisoma namba

Zumaridi ni 2.7. Kioo cha kawaida 2.5 hivi, lakini kilichotiwa risasi kinapanda hata kuifikia tsavoriti, ndiyo maana hatua ya vipovu hairukwi. Tomalini ni kama 3.06. Peridoti na zoisaiti ziko karibu na 3.35, na daiopsaidi ya kijani, ambayo nayo inatoka Mererani, 3.3. Ganeti nyingine ya kijani, demantoidi, ni 3.84. Juu ya 4 anza kuwa na wasiwasi: mawe ya kiwandani ya kijani yanayong'aa kupita kiasi, kama zirkonia, yanakaribia 6, na utayahisi uzito hata kiganjani ukiwa umezoea.

Kwa hiyo jiwe lililobaki giza kwenye miwani, likatoa 3.6, lisilo na vipovu na lenye vijisindano vya asili, liite tsavoriti ulale usingizi.

Lipo tundu moja na sitalificha. Spineli ya kijani ya kiwandani nayo haipasui mwanga, na uzito wake ni 3.64. Inaweza kupita kwenye miwani na majini ikitabasamu. Ikiwa kwenye miwani, mara nyingi huonesha mistari ya vivuli inayojipinda kama mkeka uliosukwa vibaya, na ndani haina uchafu wowote wa asili. Mwenye refraktomita, kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, atasoma 1.74 kwa tsavoriti na kama 1.73 kwa spineli hiyo. Tofauti ni ndogo lakini inasomeka. Kwa jiwe la bei ya pikipiki, ukishapita hatua zangu, mlipe mtaalamu wa vito mwenye kifaa hicho. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, na wataalamu waliosomea fani hii hukosi kuwakuta mjini humo. Kwa jiwe la bei ya kanzu, vijisindano vinanitosha.

Jiwe lililokwisha fungwa kwenye pete

Hili haliwezi kupimwa majini, na muuzaji mjanja analijua hilo. Geuza pete utazame nyuma. Nyuma ikiwa wazi, mwanga unapita, lupu na miwani vinafanya kazi nusu. Nyuma ikiwa imefunikwa na kibati, rangi unayoiona inaweza kuwa ya kibati. Pete ya shangazi ilifunikwa.

Ushauri wangu ni kununua jiwe tupu, ulipime, halafu umpelekee sonara akutilie kwenye pete. Inakuwa rahisi hata kwenye kupatana, maana unajua unalipia nini. Kumbuka pia ukubwa: tsavoriti nyingi zinazotoka mgodini zikikatwa huwa chini ya karati mbili, na bei ya kila karati hupanda kwa kasi jiwe linapokua. Anayekupa la karati tano kwa bei ya vipande vitano vya karati moja, ama hajui anachouza ama anakijua vizuri sana.

Na ukishakubaliana, omba risiti yenye maneno, si tarakimu tu. Iandikwe "ganeti ya kijani (tsavoriti), ya asili, karati kadhaa, jiwe moja", jina la duka na tarehe. Muuzaji wa kweli haandiki kwa shida. Kuna siku nilimsindikiza mdogo wangu kununua. Kila tulipofika kwenye neno "asili" kalamu ya mwenye duka iliishiwa wino. Tukaondoka, yeye akabaki anatikisa kalamu.

Tsavoriti kwa kawaida haipikwi wala haitiwi mafuta kama zumaridi, na hilo ni moja ya mambo ninayoipendea. Unachokiona ndicho kilichotoka mwambani. Mtu akikwambia yake "imeboreshwa", muulize imeboreshwa nini.

Kulitia na kulitunza

Mwambie sonara alitoe jiwe kabla ya kuunga fedha kwa moto. Tsavoriti ni ngumu lakini si mvumilivu wa joto la ghafla, na nyufa za ndani zinaweza kufunguka. Meno manne yanatosha jiwe la mviringo, na yakae juu ya kingo, yasikandamize kona.

Usafi ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa mtoto. Ivue pete unapopaka hina, liwa au mafuta ya nazi, kwa kuwa yanaingia nyuma ya jiwe na kulifanya lionekane limekufa, kisha watu wanakuja kwangu kusema limebadilika rangi. Halijabadilika. Na fedha ikiwa nyeusi kwa hewa ya bahari, hiyo ni fedha, jiwe halihusiki.

Kila baada ya miezi michache litikise karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo kama punje ya mchele ndani ya kibiriti, jino limelegea, lilete likazwe kabla halijadondokea kwenye mchanga wa Forodhani. Mwezi uliopita nilikaza meno mawili ya ile pete ya shangazi. Binti yangu anaitaka kwa Idi, na ameshajua ni kioo.